Walimkana Shemeji Yangu, Wakanitunuku Mimi

Picha yangu ilitundikwa getini kabla hatujaanua tanga la shemeji yangu.

Mlionifuata wiki zilizopita kisa mnakijua. Kwa aliyenikuta leo nitaeleza kwa ufupi. Naitwa Fuadi, Mbajuni wa kisiwa cha Chula. Kwetu walikuwa wachonga vyombo vya baharini, baba na babu, lakini riziki yangu mimi ilihamia kwenye mwiko na saruji, hapa Kismayo. Mji unajengwa upya. Kila mtaa una ghorofa inayopanda. Nami nilisimama kwenye mageti ya ghorofa hizo, asubuhi baada ya asubuhi, bila kuitwa. Wanaoajiri huuliza kwanza ukoo, "Wewe wa nani?" Ukiwa Mbajuni, jibu lako halimtishi mtu.

Mwishowe nyapara mmoja, Omar, alinichukua nijenge ukuta kwenye hoteli ya ghorofa nne upande wa bandarini. Ukuta ukampendeza, nikabaki. Nilipopata sauti kidogo nikamwombea nafasi Abdulrahman, mume wa dada yangu Mwanamwema. Omar akamtazama mabega, akasema, "Aingie." Hiyo ndiyo ajira ya pale. Hakuna mkataba. Kidole cha Omar kikikuelekea, umeajiriwa.

Wiki iliyopita niliishia pale slabu ya ghorofa ya pili ilipoporomoka. Wenye jengo walikuwa wanakuja kukagua, basi milunda iliyoshikilia zege ikang'olewa mapema ili mahali paonekane safi. Chini yake walikuwa Abdulrahman na kijana wa kazi, Faris. Faris tulimtoa na mkono uliovunjika. Shemeji tulimtoa amekwisha.

Maiti hata haijaoshwa, kampuni ikatoa kauli. Mtu huyu hatumjui. Si mfanyakazi wetu. Aliruka ukuta kuiba nondo, akaangukiwa.

Hapo ndipo tulipoachana.

*

Nilirudi kazini kwa sababu nyumbani kulikuwa na midomo mingi ya kulisha, na sasa ya dada yangu na wanawe ilikuwa imeongezeka.

Askari wa getini, yule ambaye kila siku hunipapasa mwili kama anayekamata kuku, siku hiyo alinipa mkono.

"Hongera, fundi mkubwa!"

"Hongera ya nini?"

Akanyanyua kidevu kuonyesha juu. Nikageuka.

Bango lilikuwa kubwa kuliko mlango wa nyumba yangu. Juu, kwa Kisomali, waliandika: Mfanyakazi Bora. Chini, uso wangu. Sijui walinipiga lini picha ile. Nilikuwa nimevaa helmeti ya manjano, nimeshika mwiko, nacheka.

Nitawaambia jambo ambalo sijamwambia hata mke wangu. Nilifurahi.

Nilisimama pale na huzuni yangu, na nguo zangu bado zina vumbi la makaburini, nikautazama uso wangu pale juu nikafurahi. Nilikuwa sijapata kuona Mbajuni amewekwa juu mahali katika mji ule. Watu walikuwa wanapita, wanatazama bango, wananitazama mimi. Mama muuza chai akaniambia, "Leo chai yako bure, mwanangu."

Nikaipokea chai. Nikainywa.

Ilipofika katikati ya kikombe ndipo nilipojiuliza. Kwa nini mimi? Kwa nini leo?

Omar alikuja nyuma yangu. Hakunitazama machoni.

"Bosi anakuita," alisema.

"Bwana Omar, hili bango ni la nini?"

"Nenda ukamsikilize mwenyewe."

*

Ofisi ya Fahad ilikuwa ndani ya kontena lenye kiyoyozi. Fahad ndiye aliyekuwa meneja wa kazi nzima. Kijana wa suruali iliyopigwa pasi, aliyelelewa Nairobi, na kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa chepesi. Akanifungulia soda mwenyewe.

"Keti, Fuadi. Umeona zawadi yetu?"

"Nimeona, bosi."

"Umefurahi?"

Nikaizungusha chupa ya soda mkononi.

"Alhamisi tuna sherehe ndogo," akasema. "Wenye jengo watakuja. Wazee watakuja, watu wa serikali, waandishi wa habari. Tutakupa cheti. Na kuanzia siku hiyo wewe si kibarua tena. Wewe ni msimamizi wa waashi wote. Mshahara wa mwezi. Hakuna kusimama getini tena."

"Nashukuru, bosi."

"Utasema maneno machache. Kwamba hapa usalama ni mzuri. Kwamba kila anayefanya kazi hapa tunamjua." Akavuta kiti karibu. "Na kwamba yule aliyekufa hukuwahi kumwona kazini."

Soda ilinipalia.

"Bosi, yule ni mume wa dada yangu."

"Najua. Ndiyo maana ukisema wewe, yataisha."

Hapo nikalielewa bango. Uso wangu haukupandishwa pale kwa sababu ya ukuta niliojenga.

Nikasimama. Fahad hakukasirika. Alizungumza taratibu, kama daktari.

"Keti kwanza. Vijana wenu wangapi wanasimama getini hapa kila asubuhi? Wa Chula, wa Kudhaa, wa wapi. Nawaona. Wanasimama mpaka jua linawachoma, kisha wanarudi. Sema maneno yale, nitawaingiza wote. Wote, Fuadi. Wewe mwenyewe utawachagua."

Jamani, hapo alinipata. Pesa yake ningeweza kuikataa. Lakini vijana wale nawajua mama zao. Najua wanaolala na njaa. Baadhi yao walikuwa wameanza kusema wataondoka kupitia Ras Kamboni, wavuke mpaka hadi Kiunga, Kenya, waende popote.

"Na nikikataa?"

Fahad akafungua mlango wa kontena, joto likaingia.

"Ukikataa, nani atakuja kunifokea kwa ajili yako? Nani yuko nyuma yako, walaal?"

Aliniita ndugu, kwa Kisomali.

*

Habari ilikuwa imenitangulia nyumbani. Sisi tunakaa Majengo, ua mmoja, vyumba viwili vyetu na chumba cha dada yangu. Mwanamwema alikuwa anakaa eda, mwenye nguo nyeupe, haendi popote. Lakini mtaa wa Majengo huleta habari mpaka kitandani.

Nilimkuta amekaa mlangoni mwa chumba chake. Binti yake mdogo, Layla, alikuwa amejificha nyuma ya mgongo wake analia.

"Ana nini huyu?"

"Kafukuzwa chuoni, kwenye Kurani," dada alisema.

"Na mwalimu?"

"Si mwalimu. Watoto. Wamemwambia asiguse misahafu yao. Wamemwambia mtoto wa mwizi ana mkono mwepesi."

Nikachutama, nikamnyooshea Layla mkono.

"Nasikia picha yako iko getini," akaendelea. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Wanasema umetoka vizuri."

"Dada..."

"Wanataka nini kwako?"

Nikamwambia yote. Bango, sherehe, usimamizi, vijana wa visiwani. Sikumficha hata neno. Nilipomaliza, aliyezungumza kwanza alikuwa mke wangu Kaltuma, aliyekuwa ametoka jikoni na unga mikononi.

"Baba Mulki, mimi nitasema, na mnichukie mkitaka. Aliyekufa amekufa. Mungu anamjua si mwizi. Hiyo haitoshi? Hawa walio hai watakula nini?"

"Kaltuma!" nikamkaripia.

"Mwache," dada alisema. "Wifi yangu hajasema uongo. Wanangu wanakula kwenye sufuria yake."

Akamvuta Layla mbele, akampangusa uso kwa ncha ya nguo yake nyeupe. Alipozungumza, Kibajuni cha kwetu kilimrudia, mtu akawa mchu.

"Mimi sitaki fidia yao, Fuadi. Sitaki unga wao. Nataka neno moja tu. Waseme Abdulrahman alikuwa mfanyakazi wao. Mchu alitoka hapa asubuhi, kala mkate wa mofa nilioupika kwa mikono yangu, kaenda kazini. Hakuenda kuiba. Mchu wangu hakuwa mwizi. Waseme hivyo mbele ya wachu, basi."

"Hawatasema, dada."

"Wewe utasema?"

Nilichelewa kujibu. Nilikuwa nawaza wale vijana wa getini, nawaza swali la Fahad, nani yuko nyuma yako. Nilichelewa kidogo tu. Lakini dada yangu alinilea mimi, anaujua ukimya wangu.

Akainuka.

"Uliposimama getini kumwombea kazi mume wangu, uliniuliza?"

"Mlikuwa hamna kitu ndani, dada. Yeye mwenyewe aliniomba."

"Uliniuliza mimi?"

"Sikukuuliza."

"Basi na hili usiniulize. Lakini siku utakayosema hukumwona kazini, usinitumie chakula chako. Afadhali wanangu walale hivyo hivyo."

Akaingia ndani, akarudisha mlango. Tangu hapo hadi Alhamisi hakunisemesha. Nilimsalimia asubuhi, nilimsalimia alasiri. Aliitikia salamu kwa kuwa ni faradhi. Hakuongeza neno.

*

Mtu mmoja alibaki wa kunishika mkono. Faris.

Nilimkuta kwa mama muuza chai, mkono wake umefungwa plasta mpaka kwapani. Faris ni kijana wa mjini, mama yake Msomali, baba yake Mbajuni wa Kudhaa. Alikuwa pamoja na Abdulrahman chini ya slabu ile. Kama kulikuwa na shahidi mwingine duniani, ni yeye.

"Faris, uliyaona ya siku ile."

"Niliyaona kaka. Ninayaona kila nikifumba macho."

"Abdulrahman alikuwa anafanya nini?"

"Tulikuwa tunatoa mbao. Omar ndiye aliyetutuma. Abdulrahman alisema zege bado linatoa jasho, tusubiri. Omar akasema bosi hataki kusubiri." Akainamisha kichwa. "Zege lilipolia mara ya kwanza, mimi niliduwaa. Yeye alinisukuma. Angekimbia yeye angepona."

Hilo sikuwa nalijua. Nilikaa kwenye benchi.

"Utasema hivyo Alhamisi?"

"Nitasema."

"Watakufukuza."

"Wamfukuze nani? Kwa mkono gani?" Akacheka, cheko chungu. "Kaka Fuadi, yule mtu alinipa uhai wangu. Ukisimama wewe, nitasimama. Tukiwa wawili hawawezi kusema tumechanganyikiwa."

Tukashikana mikono, yeye kwa mkono wake mzima.

Niliondoka pale nikiwa mwepesi. Nilikuwa nimeshaamua. Nilipofika nyumbani nilitaka kumwambia dada, nikasita. Nikasema moyoni, maneno nimempa mengi. Acha asikie kwa watu kwamba ndugu yake amesema.

Laiti ningebisha mlango ule nikamwambia. Hayo mtayaona mbele.

*

Alhamisi walitandika turubai ndani ya uwanja wa jengo, viti vya plastiki mbele kwa wageni, sisi wafanyakazi tumesimama nyuma. Pale palipoporomoka walikuwa wamefunika kwa karatasi kubwa za buluu. Wazee walikuja na bakora zao. Watu wa serikali walikuja na walinzi wao. Waandishi walikuja na simu zao mikononi. Mstari wa mbele alikaa afisa mmoja wa polisi, mtu mtulivu, mwenye ndevu zilizotiwa hina.

Nje, kwenye uzio, vijana wa visiwani walikuwa wamejazana. Fahad alikuwa ameshawapelekea habari. Walinipungia mikono. Mmoja akaniita, "Msimamizi!"

Niliteremsha macho, nikaziangalia zile karatasi za buluu.

Fahad akashika kipaza sauti. Akashukuru, akasifu, akaomba dua. Kisha akasema, "Kabla ya Mfanyakazi Bora, tunaye kijana wetu aliyeumia siku ile ya ajali. Faris, njoo."

Nikashtuka. Hatukukubaliana hivyo. Faris alipita mbele yangu hakunitazama. Plasta yake ilikuwa mpya, nyeupe pe. Shati lake jipya.

"Waambie wageni," Fahad alisema.

Faris akazungumza Kisomali, haraka haraka kama mtoto anayesoma alichokariri. Alishukuru kampuni kwa kumtibu. Alishukuru kwa kuahidiwa kupelekwa Nairobi akafanyiwe upasuaji, mkono usije ukakauka.

"Na yule aliyekufa?" mwandishi mmoja akauliza. "Alikuwa mwenzako wa kazi?"

Faris akameza mate.

"Simjui. Sikupata kumwona."

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, analia, shela ameishika usoni. Sitamlaumu sana Faris. Ana mkono mmoja na mama mmoja. Lakini kwa neno lile nilibaki shahidi peke yangu.

"Na sasa," Fahad akasema, "mtu mliyemwona getini. Mfanyakazi wetu bora. Fuadi!"

Makofi. Filimbi kutoka kwenye uzio. Nikapanda. Mzee mmoja akanipa cheti chenye fremu ya dhahabu, akanibusu kichwani. Simu zote zikanyanyuliwa. Fahad akanipa kipaza sauti, akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Maneno machache tu."

Nikatazama uzio. Vijana wote wananitazama. Mungu ananijua, nilisita. Nilikuwa na uongo mdomoni, tayari, nimeuonja ladha yake.

Nikamkumbuka Layla nyuma ya mgongo wa mama yake.

"Naitwa Fuadi," nikasema. "Mtu aliyekufa hapa anaitwa Abdulrahman. Alikuwa shemeji yangu. Alikuwa mfanyakazi wa jengo hili kama mimi. Hakuruka ukuta. Aliingia kwa geti lile, mchana kweupe, mimi mwenyewe niliingia naye. Mimi ndiye niliyemleta kazini. Alitumwa kutoa milunda kabla ya wakati, na slabu ikamwangukia. Hakuwa mwizi."

Simu zilibaki zimenyanyuliwa, zinanirekodi.

Kisha nyuma, kwa vibarua, ukaanza mnong'ono. Mtu akasema, "Kweli." Mwingine akasema, "Wallahi ni kweli." Nikaona kifua changu kinafunguka. Nikasema moyoni, dada, umesikia.

Fahad alikuja taratibu akachukua kipaza sauti mkononi mwangu. Nilitazamia atafoka. Hakufoka. Uso wake ulijaa huzuni.

"Mmesikia wenyewe," aliwaambia wageni. "Tulikuwa tunaficha aibu ya huyu ndugu yetu, kwa kuwa ni mchapakazi. Lakini ameamua kukiri mbele yenu. Mtu yule aliingia hapa bila idhini ya kampuni. Na aliyemwingiza ni huyu."

"Siyo!" nikapiga kelele. "Omar ndiye aliyemwajiri! Bwana Omar, sema!"

Watu wote wakageuka. Omar alikuwa amesimama karibu na mapipa ya maji, helmeti ameikumbatia. Yeye ndiye aliyemtazama shemeji mabega. Yeye ndiye aliyesema, aingie. Kila asubuhi kidole chake kilimwelekea.

"Omar," Fahad akamwuliza mbele ya kipaza sauti, "nani aliyemleta mtu yule hapa?"

Omar akatazama viatu vyake muda mrefu.

"Fuadi ndiye aliyemleta," akasema.

Wala hakusema uongo.

Yule afisa mwenye hina akainuka kwenye kiti chake, akajipangusa suruali. Askari wawili wakanishika. Cheti kikaanguka, kioo kikavunjika, mmoja wao akakikanyaga. Nilipopitishwa kwenye uzio, vijana wa visiwani hawakunipungia tena. Nyuso zao zilikuwa zimefungwa. Walikuwa wameshaelewa kwamba kazi yao imekwenda na mimi.

Yule aliyeniita msimamizi akatema mate chini.

*

Kituoni hawakunipiga. Niseme ukweli. Waliniweka kwenye benchi, mikono nyuma, katika chumba chenye meza moja na dirisha linalotazama barabara. Afisa aliingia, akavua kofia, akaagiza chai yake.

"Una kosa kubwa," aliniambia. "Umemwingiza mtu mahali pa hatari bila ruhusa, amekufa. Hiyo ni damu. Damu ina wenyewe. Wenyewe wakikudai, siwezi kukusaidia."

"Wenyewe ni dada yangu."

"Najua," alisema. "Nimemtumia gari."

Dada yangu yuko edani. Hatoki. Hata sokoni hajatoka tangu siku ya mazishi.

Alitoka. Nilimwona dirishani akishuka, nguo zake nyeupe zinapigwa na upepo, Kaltuma amemshika kiwiko. Kaltuma hawakumruhusu kuingia. Akabaki nje, ananitazama kupitia vyuma vya dirisha, midomo yake inacheza, sikusikia anasema nini.

Mwanamwema akaketishwa mbele ya meza. Hakuniangalia.

"Mama, pole kwa msiba," afisa alianza, kwa Kisomali cha heshima. "Sitakuchosha. Huyu ni ndugu yako?"

"Ni ndugu yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

"Leo amekiri mbele ya watu wote kwamba yeye ndiye aliyemwingiza mumeo kwenye jengo lile. Ulijua?"

"Nilijua alimpeleka."

"Kampuni haikumjua mumeo. Alidanganywa na huyu kwamba ameajiriwa. Akafa bila kosa lake."

Dada akainua uso.

"Bila kosa lake?"

"Bila kosa lake. Hivyo ndivyo mambo yanavyoonekana sasa. Na kampuni iko tayari kulitangaza hilo. Watasema mumeo hakuwa mwizi. Watasema alikuwa mtu mwema aliyetafuta kazi ya halali, akapotezwa na shemeji yake."

Nikaruka kwenye benchi. "Dada, usimsikilize! Nimesema ukweli pale, nimewaambia alikuwa mfanya..."

Askari akaniziba mdomo kwa kiganja. Kiganja kilinuka tumbaku. Nilipiga miguu chini. Hakuniachia.

Ndipo nilipoelewa. Dada hakujua nilichokisema jukwaani. Aliletwa moja kwa moja kutoka chumbani mwake. Habari aliyoipata njiani ni kwamba Fuadi alipanda jukwaani akapewa cheti, basi. Na huyu afisa alimpa nusu iliyobaki, ile nusu aliyoitaka yeye.

Mwanamwema aliweka mikono juu ya mapaja, akafikiri mpaka chai ya afisa ikaacha kutoa mvuke.

"Watasema mbele ya watu?" akauliza. "Kwa kipaza sauti, kama walivyosema lile la kwanza?"

"Mbele ya wazee. Na redioni."

"Watalitaja jina lake?"

"Jina lake, na la baba yake."

"Na wanangu wakienda chuoni?"

"Hakuna atakayewagusa. Nitakwenda mimi mwenyewe kumwambia mwalimu."

"Na huyu?" Alinielekezea kichwa, bado hajanitazama.

Afisa akanyoosha mikono yake. "Huyu atakaa na sheria. Kwa muda gani, sijui. Hilo linategemea utakayosema wewe, mwenye damu. Bila neno lako siwezi kumshika hata mpaka kesho. Nikimwachia, na maneno ya kampuni yanabaki yale ya mwanzo. Mwizi ni mwizi."

Akavuta karatasi, akafungua kalamu.

Hapo dada yangu akageuka, akanitazama. Alinitazama kama anavyonitazama tangu utotoni, kwanza paji la uso, kisha macho, anatafuta kama nina homa. Nilijaribu kumwambia kwa macho. Nililia. Kiganja cha askari kililoa machozi yangu. Nje, Kaltuma alianza kugonga vyuma vya dirisha kwa pete yake.

Sijui aliona nini usoni mwangu. Labda aliona ndugu yake. Labda aliona mtu aliyechelewa kujibu.

Alijifunika vizuri shela yake nyeupe, akamgeukia afisa, akasogeza kiti karibu na meza.

"Andika," akamwambia.